Mama Bembea na vidole vinavyojifunza kuona gizani

Saa mbili kasorobo asubuhi, mtaalamu ambaye mwandishi wa makala haya ameahidiana kukutana naye yuko chini ya meza.

Kinachoonekana ni soli za viatu vyake tu. Meza imefunikwa kwa shuka zito la bluu, lile la wodini, hadi sakafuni. Ndani ya hema hilo zinasikika sauti mbili: ya mtu mzima anayenong'ona, na ya mtoto anayetoa amri.

"Usinisaidie."

"Sijakusaidia, Bosi. Mikono yangu nimeikalia."

"Na usipumue kwa nguvu. Navisikiliza vidole."

Mkono mdogo unachomoza chini ya shuka, umeshika kifungo cha koti.

"Kifungo," sauti ya mtoto inatangaza. "Kikubwa. Kina matundu manne. Wewe mgeni, hesabu."

Mgeni anahesabu. Ni manne kweli.

Mtaalamu anatoka kwa kutambaa, magoti yamejaa vumbi, kilemba kimekaa upande. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni. Hospitali inamtambua kama mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani mtu anayemsaidia mgonjwa kurudi kwenye shughuli za kila siku kama kula, kuoga, kuvaa, kuandika na kucheza. Watoto wanamwita Mama Bembea, kwa sababu katikati ya chumba chake inaning'inia bembea ya turubai, na hakuna anayeanza kazi bila kupita humo kwanza.

"Watu wakiingia hapa wanadhani ni chekechea iliyopotea njia," anasema huku akijipangusa. "Wanauliza dawa ziko wapi. Nawaonyesha bembea."

Mtoto anayetoka baada yake ana miaka saba, hana meno mawili ya mbele, na jina la Bosi limemkaa vizuri. Anaamuru kila mtu, kuanzia mlinzi wa geti hadi daktari wa zamu, na ajabu ni kwamba wote wanatii.

Nje ya mlango, kwenye benchi, amekaa babu yake, fundi cherehani mwenye mkanda wa kupimia shingoni. Ndiye anayemleta kliniki, maana mama mtu anafanya kazi za zamu kiwandani. Leo ni Ijumaa, Jumatatu shule zinafunguliwa, na mguu wa mzee hautulii.

Bosi hajaenda shule muhula mzima. Haumwi na wala hajafukuzwa. Amekataa mwenyewe, na mtoto huyu akikataa jambo, mnaweza kuhama nyumba mkamwacha amesimama palepale.

Kisa chenyewe ni kifungo kimoja.

Bosi alichelewa kulia alipozaliwa, na hewa ikachelewa kufika ubongoni. Anatembea, anasema kupita kiasi, na hesabu anawazidi wenzake wengi. Lakini vidole vyake ni vizito. Sare ya shule yao, kwa wasichana na wavulana, ni suruali ya kijivu yenye kifungo kiunoni, na juu yake shati refu. Kila alipokwenda msalani ilibidi mwalimu aje kumfunga suruali, wakati mwingine mbele ya wenzake. Bosi akapata ufumbuzi wake mwenyewe. Akaacha kunywa maji.

"Chupa ilikuwa inarudi imejaa vilevile nilivyoijaza," babu yake anasimulia. "Mimi nikafikiri maji hayapendi. Siku aliyoanguka kwa jua ndiyo tukajua."

Mzee akafanya kile anachokijua. Usiku uleule aliondoa kifungo akaweka lastiki. Suruali ya kuvuta juu na kushusha, haina maneno. Kwa upande wa msalani tatizo likaisha, kwa upande wa uwanja wa michezo likaanza jingine. Wenzake waligundua, wakamwambia amevaa suruali ya mtoto mchanga. Bosi alirudi nyumbani, akavua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani ya babu yake, akasema shule basi.

Mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye wanafunzi hamsini na wanne, alikuja nyumbani mara mbili kumbembeleza. Nafasi yake ameishikilia hadi siku ya kufungua. Baada ya hapo kuna mtoto mwingine anayesubiri dawati hilo, na mwalimu amelisema wazi, bila ukali.

Siku ya kwanza walipofika kwa Mama Bembea, babu alieleza mengi. Mtaalamu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachuchumaa mbele ya mtoto. Ndivyo afanyavyo kwa kila anayeingia. Mzazi hueleza shida, lakini lengo la kazi hutajwa na mtoto.

"Wewe unataka nini?"

"Suruali yenye kifungo," Bosi alijibu. "Kama ya kaka. Nifunge mwenyewe. Nikiweza naenda shule, nisipoweza siendi, na mtu asiniulize tena."

Kazi ikaanza, na ikaanza kwa kosa.

Mama Bembea anacheka anapolisimulia, ingawa wakati huo halikumchekesha. Kwenye ukuta wa chumba chake kuna ubao wa vifungo: kitambaa kimebanwa juu ya mbao, kina vifungo vya kila ukubwa vya kufunga na kufungua. Wataalamu wengi wa fani yake wanao. Bosi alikabidhiwa, na baada ya wiki chache akawa hashikiki. Alimaliza ubao, akageukia makoti ya watu. Alimfunga mlinzi. Akamfunga mfamasia, akamfungua, akamfunga tena kwa sababu hakupenda alivyokaa. Asubuhi wauguzi walipita chumbani humo makusudi, koti likiwa wazi, wafungwe na Bosi.

"Mimi nikawa najipiga kifua," anasema Mama Bembea. "Nikamwambia babu, tumeshinda. Kumbe alikuwa anafunga vifungo vya hospitali nzima isipokuwa cha kwake."

Akivaa suruali yake mwenyewe, vidole vilizubaa. Nyumbani watu walianza kusema ni ukaidi. Hata Mama Bembea alianza kushuku hivyo, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Jibu lililetwa na shirika la umeme. Chumba chake hakina dirisha, zamani kilikuwa stoo ya magodoro. Siku hiyo Bosi alikuwa anamfunga koti, kifungo cha tatu, umeme ukakatika. Vidole vikasimama papo hapo.

"Endelea tu, si unajua," Mama Bembea alimwambia gizani.

"Washa taa kwanza," mtoto alijibu. "Vidole vyangu havioni."

Mama Bembea anasema alikaa chini kabisa. Miaka yote aliyosoma habari za ubongo, na jibu lilikuwa limesimama mbele yake likidai taa.

"Wewe na mimi tukifunga kifungo hatuangalii," anaeleza. "Ngozi na viungo vinaupelekea ubongo habari: kidole gumba kiko hapa, kimegusa ukingo, sasa sukuma. Ubongo una ramani ya mwili mzima, na vidole vimepewa mtaa mkubwa sana humo. Kwa Bosi mtaa huo upo, ila taa za barabarani ni chache. Kwa hiyo akawa anatumia macho kushika kazi ya vidole. Ubao anauona. Koti langu analiona. Kifungo cha kiunoni kiko chini ya shati, hakioni. Mimi nilikuwa nafundisha macho, vidole viko likizo."

Anamgeukia mwandishi. "Fumba macho, funga kifungo chako cha shingoni."

Mwandishi anafumba, anafunga.

"Sasa vaa hizi." Anampa glavu nene za mtunza bustani. Mwandishi anahangaika mpaka jasho linamtoka, huku Bosi akimtazama bila huruma.

"Usikate tamaa," Bosi anamwambia. "Pita kwenye bembea kwanza."

Mama Bembea hakuanzia kwa watoto. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kwenye wodi ya watu wazima waliopigwa na kiharusi, akiwafundisha upya kushika kijiko na kuvaa shati. Huko ndiko alikoona mzee mmoja aliyekuwa seremala akishindwa kuinua kikombe, lakini akipewa msumeno mkono unakumbuka. Jambo hilo lilimnyima usingizi. Akajiandikisha masomo ya jioni ya sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu, akisoma baada ya kazi huku watoto wake wawili wakisinzia kwenye daftari zao pembeni.

"Mume wangu alikuwa ananitania," anasema. "Eti mke wangu anasomea ubongo wa dunia nzima, na funguo za nyumba hajui kaziweka wapi."

Ana sababu nyingine, na akiitaja kicheko kinapungua. Mdogo wake wa kiume alikua akichapwa. Alikuwa anaangusha vikombe, anajikwaa, mwandiko wake haukusomeka, na nyumbani na shuleni wakamwita mzembe. Dada mtu naye alimwita hivyo.

"Hakuwa mzembe. Mwili wake ulikuwa haumpi habari za kutosha. Hakuna aliyejua, na mimi sikujua. Watoto kama yeye bado wanachapwa leo, wakati huu tunaongea."

Mdogo huyo sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ndiye aliyetengeneza fremu ya bembea. Vitu vingi chumbani humo vilitoka kwenye mshahara wa Mama Bembea, ambao anasema haujapanda kwa miaka minne. Yuko peke yake kitengo kizima, na siku zenye watu huhudumia watoto kumi na wanne. Chai yake ya saa nne huinywa saa nane.

Anatahadharisha pia wasomaji wasimwelewe vibaya. "Siuzi miujiza. Kuna watoto watakaofunga vifungo, kuna watakaojifunza kuniashiria kwamba wana kiu, na hilo nalo ni kubwa. Ubongo wa mtoto unabadilika kwa mazoezi, lakini mazoezi lazima yawe ya kile kile anachokihitaji maishani, na mtoto awe anataka. Akiwa na hofu hajifunzi. Ndiyo maana tunabembea kwanza: mwili unaamka, moyo unatulia, halafu tunaingia kazini."

Baada ya siku ya giza, ubao ulishushwa ukutani, yakaja mambo ya chini ya meza. Bosi aliingiza mkono ndani ya mfuko wa kitambaa akatambua vitu bila kuviona: ufunguo, punje ya mahindi, kifungo cha shati, kifungo cha koti. Alikanda unga mgumu akitafuta shanga zilizofichwa ndani. Alifunga kifungo cha foronya ya mto, mto wenyewe akiwa ameubeba mgongoni kama begi. Kila mara alitaja kwanza alichohisi, kisha akaangalia kama amepata. Kukisia halafu kupata jibu palepale, Mama Bembea anasema, ndiko kunakoufanya ubongo utege sikio.

Na babu akapewa kazi ngumu kuliko zote. Asisaidie.

"Mimi ni fundi," mzee analalamika kwenye benchi lake. "Nikiona nguo imekaa vibaya mikono inakwenda yenyewe. Huyu binti ananiambia nikae nimtazame mjukuu wangu anateseka na kifungo, na mimi vifungo ndiyo maisha yangu."

"Mzee wangu, siku ukimfunga wewe, umejifunza wewe," Mama Bembea anamwambia.

"Mimi nilishajifunza kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakuomba umwachie na yeye."

Ijumaa hiyo Bosi anajaribu suruali mara tatu chini ya hema. Mara ya kwanza inakubali, ya pili inakataa, ya tatu anakasirika na kudai meza ni fupi. Mama Bembea haoneshi wasiwasi, lakini mlangoni anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini kwamba angetamani wangekuwa na wiki mbili zaidi. Babu amesikia. Anaondoka bila kuaga vizuri, amemshika mjukuu mkono, amezama kwenye mawazo yake.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mama Bembea anapita nyumbani kwa fundi, mwandishi akiwa naye. Chumba cha mbele ndicho karakana: cherehani mbili, pasi ya mkaa, na vipande vya vitambaa vimejaa mpaka chini ya kiti. Chupa ya maji imejazwa, begi limefungwa. Mama mtu ametoka zamu ya usiku na hajalala. Babu amemshonea mjukuu suruali mpya, imenyooka kama iliyotoka dukani, na kifungo chake kinang'aa kiunoni.

Bosi anaichukua, anaingia chumba cha ndani, anafunga mlango.

Mama mtu anauma kucha. Babu anaangalia dari, ametulia kuliko mtu mwenye wasiwasi anavyopaswa kutulia.

Mlango unafunguliwa upesi mno. Bosi amesimama hapo, suruali imefungwa, shati limeshuka vizuri. Mama yake anaanza kupiga makofi.

"Subiri," anasema Bosi.

Amekunja uso. Mkono mmoja uko chini ya shati, na macho yake yanatazama ukutani, hayaangalii popote. Vidole vinatembea.

"Babu. Hiki kimenasa kabla sijakitia. Tundu halipenyi."

Mzee anakohoa.

"Gumba limetafuta tundu," anaendelea Bosi. "Lipo la uzi, juu juu. Ndani kuna kitu kinakwaruza. Babu, hiki si kifungo."

Ukweli ukawekwa mezani. Jumapili yote fundi alikuwa kazini. Alishona kifungo cha pambo kwa juu, akadarizi tundu la uongo linalofanana kabisa na la kweli, na kwa ndani akaweka utepe wa kunasa, ule unaolia kraa ukiuvuta. Mtoto angevuta upande mmoja, utepe unanasa, anadhani amefunga, anakwenda shule. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba Mama Bembea, aliyeishika suruali ile dakika tano kabla, hakuona kitu.

"Niliogopa," anasema babu. "Niliogopa akishindwa leo hatajaribu tena. Nafasi yenyewe inaondoka. Nisamehe, mjukuu wangu."

Mama mtu yuko karibu kulia. Na hapo katikati ya msiba huo mdogo, Mama Bembea anaanza kucheka. Anacheka mpaka anashika cherehani asianguke, machozi yanamtoka, wote wanamtazama kama aliyechanganyikiwa.

"Hamjasikia alichosema?" anauliza. "Hakuangalia. Amesimama hapo anatazama ukuta, ameniambia kuna uzi juu, kuna kukwaruza ndani, na tundu halipenyi. Mimi nina macho mawili mazima na mzee kanidanganya. Vidole vya Bosi hakuvidanganya."

Bosi hana muda wa sherehe. Anavua suruali, anaiweka juu ya cherehani kama alivyofanya muhula uliopita, mwili wake umefunikwa na shati refu.

"Toa huo utepe," anamwamuru babu yake. "Weka tundu la kweli. Haraka, kengele inagongwa saa moja na nusu."

Mikono ya mzee haijawahi kwenda mbio hivyo. Utepe unafumuliwa, tundu la kweli linakatwa na kushonwa kingo, kifungo kinahamishwa mahali pake. Bosi anavaa palepale, mbele ya wote, mikono chini ya shati.

Inachukua muda. Kifungo kinafika mlangoni mwa tundu kinarudi, kinafika kinarudi. Mikono ya babu inainuka yenyewe kuelekea kiuno cha mjukuu. Anaiona, anaishusha, anaikalia.

"Usipumue kwa nguvu, babu," Bosi anamwambia, macho yako ukutani.

Mzee anabana pumzi. Kisha bega la mtoto linashuka, kidogo tu, na mkono unatoka chini ya shati ukiwa mtupu. Bosi anavuta kiuno cha suruali huku na huku. Kimeshika.

"Twende," anasema. Anachukua begi na chupa, anatoka mbele, na babu yake anamfuata huku akijifuta uso kwa mkanda wa kupimia.

Saa tisa alasiri kliniki imetulia. Mama Bembea anakunywa chai iliyopoa na kueleza mpango wake, uleule aliomdokezea babu asubuhi. Ubao wa vifungo ameupeleka stoo. Anataka vizibao vya mazoezi ambavyo mtoto atavivaa mwilini mwake mwenyewe: vyenye vifungo shingoni, kiunoni na ubavuni, vingine vikubwa vyenye mikwaruzo vya kuanzia, vingine vidogo na laini. Anataka pia kuwakusanya walimu wa darasa la kwanza wa shule za jirani, awavalishe zile glavu za mtunza bustani na kuwaomba waandike majina yao.

"Mwalimu akishaandika na glavu, hatamchapa tena mtoto kwa mwandiko mbaya," anasema. "Hilo ndilo ninaloliombea. Na mwenzangu wa pili, hata mmoja, ili ninywe chai ya moto kabla sijastaafu."

Mlango unasukumwa. Bosi anaingia na sare imejaa vumbi, babu nyuma yake na kifurushi kwapani. Mtoto hasalimii. Anakwenda moja kwa moja mezani, anasimamisha chupa ya maji mbele ya Mama Bembea.

Ni tupu. Mama Bembea anaifungua kifuniko, anaigeuza juu chini juu ya kiganja chake, na halidondoki tone.

"Nilikunywa yote," anasema Bosi. "Nikaenda mwenyewe, nikarudi mwenyewe. Halafu nikajaza bombani nikanywa tena."

Mama Bembea anamvuta mtoto kifuani na kukaa naye hivyo mpaka Bosi analalamika kwamba anakosa hewa.

Babu anafungua kifurushi. Ni kizibao cha kwanza, kimekatwa kwenye mabaki ya kitambaa cha kijivu cha sare. Kina vifungo vinane. Mzee ameshona tangu atoke shuleni bila kuagizwa na mtu, na sasa anakikabidhi kwa mikono miwili, macho yako chini kama mwanafunzi.

Kabla Mama Bembea hajakipokea, Bosi amekinyakua. Anainua shuka la bluu na kutokomea nacho chini ya meza. Watu wazima wanabaki wamesimama, wanasubiri. Babu anabana pumzi bila kuombwa.

"Tundu hili linapenya," sauti inatoka gizani. "Na hili linapenya. Ngojeni, bado sijamaliza."